Baki Lina Mwenyewe

Rupia ya zamani ilikuwa na pesa 64, na kwa waliokuwa wakigawa mirathi hapa pwani hiyo ilikuwa neema. Nusu yake 32, robo yake 16, thumuni yake 8. Mjane aliyestahili thumuni alihesabiwa pesa nane katika kila rupia, na mambo yakaisha. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ikaondoa pesa ikaleta heller, 100 kwa rupia moja. Thumuni ikawa heller 12 na nusu. Sarafu ya nusu heller ilikuwapo, kwa hiyo mjane hakukosa haki yake. Lakini angalia kilichotokea: kwa karani wa serikali mia ni hesabu nyepesi kuliko 64, na kwa mgawaji wa Pangani mia ilizaa kipande mahali ambapo zamani hapakuwa na kipande. 64 unaikata nusu kwa nusu mara sita ndipo ufike kwenye moja. Mia ukiikata mara mbili tu umefika 25, na hapo tayari pana moja la ziada.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu aliye darasa la nne. Alikuwa amegawanya 2354 kwa 7 kwa njia ndefu, akapata 336, baki 2, na mwalimu wake alikwisha kumwekea vema. Hesabu ilikuwa sahihi. Hata hivyo akaniletea daftari akauliza, "Bibi, hili baki nimeliandika. Sasa linakwenda wapi?"

Nimefundisha hisabati katika shule za msingi tangu ujana wangu mpaka kustaafu, na swali hilo naliheshimu sana. Watu hawakuanza kugawanya ili wapate vema. Waligawanya kwa sababu palikuwa na kitu, palikuwa na wenye haki juu ya kitu hicho, na kitu hakikukubali kukatika sawasawa. Kilichosalia hakikuwa takataka. Kilikuwa na mwenyewe, na kazi ilikuwa kumtambua. Tukimwambia mtoto "andika baki 2, endelea na swali la pili," tunamwondoa kwenye hesabu pale pale ilipoanza kuwa na maana.

Hesabu kongwe ya namna hii ninayoijua ni ya Misri. Gombo la mafunjo lililonakiliwa na mwandishi aitwaye Ahmose, yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo, limehifadhiwa katika makumbusho ya Uingereza huko London. Mskoti Alexander Henry Rhind alilinunua Luxor mwaka 1858. Maswali yake ya mwanzo ni ya mikate inayogawiwa watu 10. Chukua mikate 6. Mtoto wa leo atasema kumi haiingii kwenye sita, ataandika sifuri baki 6, na watu kumi watalala njaa mbele ya mikate sita. Jibu la gombo ni nusu na sehemu moja ya kumi. Yaani mikate mitano unaikata nusu nusu, unapata vipande kumi. Wa sita unaukata vipande kumi. Kila mtu anaondoka na kipande kikubwa na kipande kidogo. Nimelifanya hili darasani kwa mkate wa kweli, na sijaona maelezo ya sehemu yanayoshinda hayo.

Kugawanya kwenyewe Wamisri walikufanya kwa kuzidisha mara mbili mbili. Unataka 100 kwa 7? Andika 7, kisha 14, 28, 56. Ukijumlisha 56, 28 na 14 unapata 98. Hizo ni saba nane, saba nne na saba mbili, jumla saba 14, na zimesalia 2. Mtoto ambaye jedwali la saba bado halijamkaa kichwani anaweza njia hii leo hii, maana anachohitaji ni kujua kuongeza namba kwa namba ile ile.

Lakini kwangu mimi shule kubwa ya kugawanya hapa pwani ilikuwa mirathi. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo huko Pangani, na watu walimwendea arobaini ya maiti ikishapita. Mafungu yametajwa katika Kurani: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi. Mtu anayeyasikia kwa juu juu hudhani kazi imekwisha hapo. Kumbe ndiyo inaanza.

Tuseme marehemu ameacha mke na wana watatu wa kiume. Mke ana thumuni, kwa hiyo mali inafanywa mafungu 8: mke moja, wana saba. Saba kwa watatu ni mbili mbili, baki 1. Hapo mtoto wa shule ataandika baki na kupiga mstari. Mgawaji hakuwa na ruhusa hiyo, kwa kuwa fungu lililosalia ni la wana watatu, si lake yeye wala si la yule mkubwa mwenye sauti. Alichofanya, na vitabu vya mirathi vina jina lake, tas-hihi, ni kurudi mwanzo na kubadili idadi ya mafungu. Nane mara tatu ni 24. Mke sasa ana mafungu 3 na kila mwana ana 7, jumla 24, hakuna kilichosalia. Baki limeondoka kwa sababu mafungu yametengenezwa upya ili yawatoshe watu waliopo.

Sasa ileteni minazi. Shamba lina minazi 100. Mia kwa 24 ni nne nne, baki 4. Mke anapata minazi 12, kila mwana 28, hiyo ni 96. Minazi minne imesimama pale na huwezi kuipasua. Babu alikuwa akisema minne hiyo iachwe katika jina la wote: ikiangushwa, nazi ziuzwe pamoja, na fedha irudi kwenye mafungu yale yale 24. Nilikuwa mdogo na sikujua kwamba ninaangalia kugawanya kwa hatua, baki la hatua moja likishushwa hatua ya pili katika kipimo kidogo zaidi. Ndivyo mtoto anavyofanya anapogeuza mamia yaliyosalia kuwa makumi, na makumi yaliyosalia kuwa mamoja.

Kuna pahala mafungu yanazidi mali. Mke, binti wawili, baba na mama: thumuni, thuluthi mbili, sudusi na sudusi. Kwa mafungu 24 hiyo ni 3, 16, 4 na 4, jumla 27. Inapokewa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa jambo hili akiwa juu ya mimbari, akajibu pale pale kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani sehemu moja ya tisa. Mali inafanywa mafungu 27, kila mmoja anapungukiwa kwa kadiri ya haki yake, na wala hatafutwi mnyonge mmoja wa kubeba upungufu wote. Hiyo ndiyo auli. Na kuna kinyume chake: mama na binti mmoja tu, sudusi na nusu, yaani fungu moja na mafungu matatu kati ya sita. Mawili yamesalia. Ni ya nani? Hapa wanazuoni walitofautiana. Wengine walisema yarudi kwa mama na binti kwa kadiri ya haki zao, moja kwa tatu. Mashafii wa zamani, na madhehebu yao ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, waliyapeleka Baitulmali, hazina ya Waislamu wote. Waliofuata baadaye wakaafiki yarudi kwa warithi pale ambapo Baitulmali haina utaratibu. Karne nyingi za elimu zimekwenda katika kujibu swali la mjukuu wangu.

Sishangai basi kwamba Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, alipoandika kitabu chake cha aljebra huko Baghdad katika karne ya 9, sehemu kubwa ya kitabu hicho aliitoa kwa wasia na mirathi. Wanafunzi wa sekondari hutajiwa jina lake kwa milinganyo. Mirathi hawatajiwi, nami naona ni hasara, kwa sababu huko ndiko mtoto wa pwani angemkuta al-Khwarizmi akiwa jirani.

Baki jingine lenye mwenyewe liko katika mwaka. Mabaharia na wakulima wetu wa zamani walihesabu mwaka kuanzia Nairuzi, ambao Makunduchi bado huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa. Mwaka una siku 365, na wao waliugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kwa mwongo mtu alijua upepo gani unakuja na mbegu gani iingie ardhini. 365 kwa 10 ni 36, baki 5. Zile siku tano hazikutupwa na hazikubanwa ndani ya mwongo wa mwisho. Zilikaa peke yazo mwishoni, zikifunga mwaka. Lipo na baki dogo zaidi ambalo hesabu ile haikulichukua, ile robo ya siku ya kila mwaka. Kwa sababu hiyo Nairuzi hurudi nyuma siku moja kila miaka minne ukiipima kwa kalenda ya ukutani, na leo huangukia Julai. Mtoto ukimwonyesha hilo ataelewa kwamba baki usilolitazama halipotei. Linajikusanya.

Niseme sasa habari ya ile njia ndefu yenyewe, yenye ngazi yake ya kushuka, kwa sababu watoto huiona kama adhabu. Zamani wahesabuji wa nchi za Kiarabu, kwa kufuata hesabu ya Kihindi, walifanya kazi juu ya ubao uliotandazwa vumbi. Namba iliandikwa kwa kidole au kijiti, ikafutwa, ikaandikwa nyingine mahali pake. Ukimaliza kugawanya, juu ya ubao pamebaki jibu na baki tu. Hatua zote zimefutika. Abu al-Hasan al-Uqlidisi, aliyeandika huko Dameski mwaka 341 Hijria, yaani 952 au 953 Miladia, alitaka watu waache vumbi watumie wino na karatasi. Sababu mojawapo aliyotoa ni kwamba ubao wa vumbi ulikuwa ukionekana mikononi mwa wapiga ramli wa mitaani, na mtu wa heshima hakupenda kufananishwa nao. Faida iliyopatikana ilikuwa kubwa kuliko heshima: kwenye karatasi hatua zinabaki.

Ulaya walipoipokea hesabu hiyo waliendelea kwa muda mrefu na namna ya kukata namba kwa mistari badala ya kuzifuta. Hesabu ikiisha, namba zilizokatwa zilipangana juu na chini ya mstari mpaka zikafanana na chombo chenye matanga, na ikaitwa kwa jina la merikebu. Ilikuwa ya kupendeza machoni. Kuikagua kulikuwa shida. Namna tunayofundisha leo, ya kuandika kila unachotoa, kuchora mstari, kuandika kilichosalia na kushusha tarakimu inayofuata, ilikuwa ikitumiwa na wafanyabiashara wa Italia, na ilionekana katika kitabu cha kuchapwa cha Filippo Calandri huko Florence mwaka 1491. Inakula karatasi. Ndiyo maana ni ndefu. Lakini mwenye haki akitaka kujua fungu lake limetoka wapi, anaweka kidole juu ya hatua na kuuliza.

Mwalimu naye ananufaika kwa njia hiyo hiyo. Mtoto akiniletea 1438 kwa 7, jibu 25 baki 3, sina haja ya kumwuliza mengi. Nafuata ngazi yake. Saba kwenye 14 inaingia mara mbili, hakuna kilichosalia. Kashusha 3. Saba kwenye tatu haiingii, na hapo ndipo aliporuka: kashusha 8 bila kuandika sifuri juu. Jibu ni 205 baki 3. Watoto wengi huamini kwamba "haiingii" maana yake "usiandike kitu". Nimewafundisha kusema kwa sauti, "Haiingii, naandika sifuri," kama neno moja lisilokatika. Kisha nawaomba wazidishe: 25 mara 7 ni 175. Je, hiyo inakaribia 1438? Wenyewe wanacheka, wanarudi kutafuta makumi yaliyopotea.

Shule ya serikali ilipofunguliwa hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, hesabu iliingia na kusudi lake. Wajerumani walihitaji makarani, maakida na walimu. Gazeti la Kiongozi lilichapwa katika shule hiyo hiyo tangu mwaka 1904. Kodi ya nyumba ilitakiwa kwa rupia, na mtu wa kuihesabu alitakiwa asikosee. Baadaye, chini ya Waingereza, mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100, na zile senti za shaba zenye tundu katikati ambazo bibi zetu walizitunga kwenye uzi. Zanzibar ilibaki na rupia mpaka tarehe 1 Januari 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na senti 50. Thumuni ya rupia hiyo, ukiigeuza, ni senti 18, baki 6. Kila fedha mpya ilileta baki jipya kwenye mafungu yale yale ya zamani, na waliokuwa wakigawa walilazimika kuanza upya.

Mimi niliingia darasani kufundisha wakati wa UPE, elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977, na walimu hawakutosha. Tukachukuliwa tuliomaliza darasa la saba, tukafundishwa ualimu huku tukifundisha, kwa masomo ya posta na ya redio. Madawati yalikuwa machache na vitabu vichache zaidi. Vizibo vya soda tulikuwa navyo, na mbegu za mbuyu, na vijiti. Najivunia kipindi kile. Mtoto aliyegawa vizibo 23 kwa wenzake watano alibaki na vitatu mkononi, akiviona, akivipima kwa macho ya wenzake wanaovitaka. Hakuwapo mtoto aliyeniuliza baki ni nini. Tulipohamia daftarini, kugawanya, kuzidisha, kutoa, kushusha, niliwataka kwanza waseme vizibo vile vimekuwa nini.

Miaka ya baadaye nilipokea mtoto aliyeanza shule Bujumbura. Yeye aliandika namba inayogawa upande wa kulia, nyuma ya mstari wa kusimama, na jibu chini yake, kama wanavyofundishwa huko kwa kufuata Wabelgiji. Wenzake walisema amekosea. Nikamwita ubaoni, nikaandika ya kwetu kando ya ya kwake, hatua kwa hatua. Kila baki la upande huu lilikuwapo upande ule. Nilimwacha aendelee na ya kwake mpaka alipotaka mwenyewe kubadili.

Kwa mjukuu wangu sikuanza na Misri wala na mirathi. Nilianza na samaki, kwa kuwa amekua akiona mgao pale pwani: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya watu. Nilimwuliza samaki wakisalia ambao hawatoshi mmoja kwa kila fungu, nahodha huwafanyaje. Alijua. Huenda kwenye kitoweo, na wa kwanza kupewa ni yule mwenye watoto wengi nyumbani au yule ambaye ngalawa yake haikwenda baharini siku hiyo. "Basi," nikamwambia, "2354 zako ni nini?" Hakuwa amefikiri kwamba zinaweza kuwa kitu. Akachagua nazi, 2354 kwa wachuuzi saba. Mbili zilizosalia akasema zivunjwe, zikunwe, walio kazini wapikiwe wali. Nikazigeuza kuwa shilingi; akasema ziwekwe ziongezwe kwenye mgao wa wiki ijayo. Nikazigeuza kuwa siku, 2354 kwa saba, ni wiki 336; akafikiri kwa muda mrefu, akasema, "Basi kama leo ni Ijumaa, siku hiyo itakuwa Jumapili." Jumapili ni kweli. Baki mbili ndizo zilizomwambia, zile wiki 336 hazikumsaidia kitu.

Sasa tumefika kwenye kugawanya kwa tarakimu mbili, ambako inabidi kukadiria kabla ya kuandika, na hapo anakwenda polepole nami simharakishi. Jana swali lilikuwa la wanafunzi 178 wanaokwenda Mapango ya Amboni kwa mabasi yanayobeba 25 kila moja. Alijaribu 6, akaona imesalia 28, akasema bado 25 inaingia. Akafuta, akaandika 7. Saba mara 25 ni 175, toa, baki 3. Kisha, bila kuulizwa, akaongeza mstari chini: "Mabasi 7 yamejaa, watoto 3 hawana basi, kwa hiyo mabasi 8."